Nesi na Ndege wa Lambo

Ukimwamkia Nesi barabarani pale Nyakahura, ilikubidi usimame. Hakuwa mtu wa kuitikia huku anapita. Ukisema shikamoo, alisema marahaba, na hapo hapo mkono wake ulishafika usoni kwako, kidole gumba kimeshusha kope ya chini, anatazama kama una damu ya kutosha. Alikuwa amestaafu kazi ya zahanati, lakini kope zetu hakuzistaafu. Alimfanyia hivyo padri. Aliwafanyia madereva wa malori waliosimama kula kwangu. Siku moja alimfanyia ofisa aliyekuja kutoka wilayani na suti yake, na ofisa yule akatulia kama mtoto, akaambiwa apunguze chai na aongeze mchicha, akasema asante.

Mimi nauza chai na chapati kando ya barabara kuu, karibu na gulio. Nyumba yangu na yake zilitenganishwa na mgomba mmoja na kamba ya kuanikia nguo, na kwa miaka kumi na minne nilimjua kuliko ninavyowajua wifi zangu. Jina la ubatizo alikuwa nalo, tena zuri, ila sikumbuki mtu aliyelitumia. Wanawake aliowazalisha walimwita Nesi, na watoto wao walimwogopa kwa jina hilo hilo.

Hawakumwogopa bure. Zahanatini kwake hakukuwa na kunong'ona kwenye foleni wala kulia kabla sindano haijaingia. Akiwa ametulia aliongea Kiswahili cha darasani, kila herufi mahali pake. Akikasirika, Kihangaza cha kwao Ngara kilimpanda na herufi zikabadilishana viti. Akisema "acheni kelele", ulikuwa bado na nafasi ya kujitetea. Akisema "acheni kerere", ulitoka nje mwenyewe.

Ndiyo maana hadi leo watu hapa wakieleza habari zake huanza kwa kucheka. Mwanamke huyo asiyeweza kumvumilia mgonjwa aliyechelewa dakika tano ndiye aliyekuja kukaa saa tatu bila kutikisika kando ya maji, akimngoja ndege mdogo kama kidole ageuze shingo.

Ilianza baada ya kustaafu, na ilianza vibaya. Mwezi wa kwanza aliamka alfajiri kama kawaida, akaoga, akavaa, akakaa kwenye kiti cha mlangoni kama anayengoja gari. Hakuna gari lililokuja. Jua likipanda alihamia jikoni kwangu kunifundisha kuchemsha maji. Nilikuwa nachemsha maji ya chai ya kuuza miaka mingi, lakini alisimama juu yangu akihesabu dakika tangu yaanze kutokota. Jumapili moja kanisani nilimwombea kwa dhati apate kitu cha kufanya.

Kitu hicho kililetwa na binti yake. Alikuwa akifanya kazi studio ya picha huko Mwanza, na alipoacha kazi mwenye studio alimpa kamera kuukuu iwe zawadi ya kuagana. Akaileta kwa mama yake aitunze kwa muda. Kisha akaolewa, akapata mambo mengine, asiirudie. Ilikuwa kamera nyeusi, nzito, na lenzi yake ndefu kama chupa ya chai. Nesi alikisoma kile kijitabu cha maelezo kama alivyosoma karatasi za dawa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na penseli mkononi. Picha zake za kwanza zilikuwa za kuku wangu, na hakuna kuku aliyekuwa na kichwa.

Baada ya kuku alianza kuwafuata yangeyange, wale ndege weupe wanaotembea na ng'ombe. Yangeyange waliwafuata ng'ombe, Nesi akawafuata yangeyange, na wote kwa pamoja wakafika lambo.

Lambo letu lilichimbwa kwa ajili ya kunyweshea mifugo, mwendo wa dakika ishirini kutoka barabarani. Upande mmoja una nyumba chache. Upande wa pili una msitu mdogo wa kijiji, na serikali ya kijiji iliwahi kuweka hapo mabenchi mawili ya saruji na kupaita bustani ya mapumziko, ingawa waliopumzika ni mbuzi tu. Kati ya msitu na maji kuna matete, marefu kuliko mtu. Mimi nilikuwa nimepita pale mara nyingi kuchota maji wakati wa kiangazi. Ungeniuliza kuna ndege gani, ningekwambia kuna ndege.

Nesi aligundua upesi kwamba ndege hawapendi nguo nyeupe, na nguo zake karibu zote zilikuwa nyeupe. Akafungua sanduku akatoa gauni la kijani, lile la chumba cha upasuaji, alilopewa zamani kwenye semina na asilivae hata siku moja kwa sababu zahanati yetu haikuwa na chumba hicho. Akalivaa na kofia yake. Kwa kuwa mikono yake ilianza kutetemeka kidogo, alihitaji pia mguu wa kuegeshea kamera. Akaenda zahanatini akaomba stendi ya dripu iliyovunjika magurudumu, akamwambia fundi baiskeli aikate na kuichomelea kishikio. Basi asubuhi ukimwona anakatiza shamba la mihogo, kijani tupu kuanzia kichwani, stendi ya dripu begani, ungedhani huko lambo kuna mtu anapasuliwa.

Watu walisema amechanganyikiwa kwa kukosa kazi. Walisema hivyo huku wanakunywa chai yangu, na mimi sikuwabishia kwa sababu sikuwa na uhakika.

Aliyemchukulia kwa uzito tangu mwanzo ni Mzee Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi, aliyehamia kwetu na familia yake kutoka Shinyanga. Yeye alikuwa lambo kila siku kwa sababu ya ng'ombe, na alikuwa anajua kila kilichotembea pale. Wiki ya kwanza waligombana. Nesi alimwambia ng'ombe wake wanakanyaga ukingo na kufukuza ndege. Masanja akamjibu kwamba bila ng'ombe wake kusingekuwa na lambo, na bila kinyesi cha ng'ombe nusu ya ndege wale wangekwenda kutafuta chakula kwingine. Nesi alikuja kwangu amefura, akanywa chai, kisha akasema, kwa taabu, kwamba yule mzee ana akili.

Tangu hapo wakawa na mazoea ya kubishana majina. Masanja alikuwa na jina la Kisukuma kwa kila ndege, Nesi analo la Kihangaza, na Kiswahili walikitumia kama mwamuzi, mwamuzi ambaye mara nyingi hakujua majibu. Siku moja Masanja alinyoosha fimbo yake kwa wale ndege weupe mgongoni kwa ng'ombe akasema nyange. Nesi akashusha kamera. Kwao pia ni nyange. Walifurahi kama watu waliogundua kwamba babu zao walikuwa wakifahamiana, na alinisimulia jambo hilo mara tatu jioni ile.

Alikuwa na masharti. Hakuna kurusha jiwe ili ndege aruke upate picha nzuri. Hakuna kumwita mnyama kwa chakula. Sharti hili la pili lilimtesa tumbili. Tumbili walishuka kutoka msituni kila asubuhi, na mimi nilikuwa nimezoea kumfungia Nesi chapati kwenye gazeti. Siku moja tumbili jike aliichukua chapati mfukoni mwa gauni lenyewe, akakaa kwenye benchi la saruji, miguu inaning'inia, akala taratibu. Nesi alipiga picha kumi na tisa. Moja niliibandika ukutani mgahawani. Wateja walipouliza kama chapati zangu ni nzuri, niliwaonyesha ukuta.

Alipiga picha za kenge akijiburuta matopeni kama mzee aliyetoka kulala, za pongo, yule swala wa vichakani, aliyekuja kunywa maji alfajiri na masikio yamegeukia pande mbili tofauti, za mdiria aliyejitupa majini akatoka na samaki amemshika vibaya. Alizipenda zaidi zile ambazo mnyama amekosea jambo. Alisema zahanatini aliwaona watu wanapokuwa wamekosea, na hapo ndipo alipowapenda, ila kazi haikumpa muda wa kuwaambia.

Hilo lilinishangaza. Miaka yote ile sikujua kwamba alitupenda.

Yeye mwenyewe alikosea mara moja, vibaya, na hakumficha mtu. Kuna ndege pale anaitwa sile-maua, wa rangi ya kahawia, mwenye vidole virefu mno, anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama. Nesi aliona kiota chake juu ya majani, na mayai manne yenye michoro myeusi kama mtu amejaribu kalamu mpya. Akagundua kwamba anayelalia ni dume. Jike huweka mayai na kwenda zake. Habari hii aliileta mgahawani siku ya gulio, akawatangazia wanaume wote waliokuwepo, mmoja mmoja, akiwataja na idadi ya watoto wao.

Lakini matete yalimziba asipate picha safi. Akaingia majini na kisu, akakata machache tu, akapata picha yake. Kesho yake asubuhi mayai hayakuwepo. Kunguru walikuwa wameyaona kupitia uwazi ule ule alioufungua yeye. Yule dume alikuwa anazunguka juu ya majani akitafuta.

Alirudi mapema siku hiyo. Alikaa kwangu bila kuvua kofia. Nilimwambia kunguru hula mayai kila siku, matete yakatwe yasikatwe. Akasema ni kweli, ila haya wameyala kwa sababu yake. Kila aliyeisifu ile picha ya mayai, na ilikuwa picha nzuri kweli, alimweleza ilivyopatikana. Hakuikata wala kuificha. Aliandika nyuma yake kwa kalamu, "Nilikata matete," basi.

Mwaka uliofuata mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Ajenda ilikuwa kusafisha lambo. Mbu walikuwa wengi, watoto wanaumwa, na wenye nyumba za upande ule walitaka matete yafyekwe yote hadi msituni. Mwenyekiti alikuwa kijana mchapakazi, na ninaamini hakuwa na nia mbaya na mtu. Mkutano ulielekea kuisha haraka. Hapo Nesi alisimama akaomba yasifyekwe.

Kila mtu pale alikuwa amefundishwa na mwanamke huyo kufyeka. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba miaka mingi akisema fukieni madimbwi, kateni nyasi, mbu anakaa kwenye majani. Wengine aliwahi kuwafokea mbele ya wakwe zao.

Mwenyekiti akasema kwa upole, "Nesi, mama yangu, maneno haya tunayoyasema leo ni yako. Tulifundishwa na wewe. Sasa tukusikilize wewe yupi?"

Watu walicheka kidogo. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na niliona mkono wake umekaza mkoba wake. Nilidhani angeanza na kerere. Alingoja kicheko kiishe chenyewe.

"Ni kweli ni yangu," akasema. "Na kwa dimbwi lililo nyuma ya nyumba yako bado nasema hivyo hivyo, fukia. Lakini lambo nilikuwa nalipita tu. Nilikuwa sijakaa nikaliangalia. Sasa nimekaa miaka mitatu."

Kisha akafungua mkoba wake. Alikuwa amechapisha picha kwenye duka la vifaa vya shule na kuziingiza kila moja kwenye ile mifuko ya plastiki ya kadi za kliniki. Akazipitisha mkono kwa mkono. Watu walizitazama, wakageuza, wakauliza ni mbuga gani hii. Akawaambia ni hapa. Hawakuamini, mpaka mwanamke mmoja alipoona ndoo yake ya njano ukingoni mwa picha, nyuma ya ndege mwenye rangi kama kanga mpya. Akaishika ile picha hakutaka kuipitisha.

Iliyogeuza mkutano ilikuwa ya sile-maua. Mwaka ule dume alikuwa ameangua salama ndani ya matete ambayo hakuna aliyeyagusa, na Nesi alimpata akitembea juu ya majani na miguu mingi isiyoeleweka inaning'inia ubavuni mwake. Mwenyekiti alihesabu miguu minane. Mmoja akasema picha imeharibika. Mwingine akasema ni mdudu. Ubishi ulisambaa hadi nyuma, na watu ambao walikuwa wamekuja kupiga kura ya kufyeka wakawa wanagombania kuishika.

Mzee Masanja akasimama, akaegemea fimbo yake. "Huyo ni baba," akasema. "Amewabeba watoto chini ya mabawa. Akiona hatari huwachukua kwapani anaondoka nao. Hiyo ni miguu yao." Akaongeza kwamba alikotoka alishawahi kuona lambo lililofyekwa ukingo wote, na mvua ya kwanza iliingiza udongo, na baada ya misimu michache ng'ombe walikuwa wanasimama katikati yake wakiwa na kwato kavu.

Nilicheka na wenzangu, lakini nilikuwa naangalia wale wanaume. Walikuwa wanaitazama ile picha kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwenye mkutano wa kijiji.

Walikubaliana kufyeka upande wa nyumba na kuacha upande wa msitu. Nesi mwenyewe alipendekeza wapandikize perege, samaki watakaokula viluwiluwi vya mbu, na akajitwika kazi ya kupima maji kila wiki kuona kama viluwiluwi wamepungua. Kazi hiyo inahitaji kitu cha kuchotea chenye mpini mrefu. Alikuja kwangu akachukua upawa wangu wa supu bila kuuliza, na nilipoutaka kesho yake aliniuliza kama kweli nataka kuurudisha kwenye supu. Kila Jumatatu alichota, akahesabu, akaandika. Viluwiluwi walipungua. Mbu wapo, siwezi kudanganya, lakini hata waliofyekewa upande wao hawalalamiki kama zamani, na jioni utawakuta wamekaa kwenye yale mabenchi ya saruji pamoja na mbuzi.

Miaka miwili iliyopita miguu ilimshinda. Dada yake mdogo alikuja kumchukua akaishi naye Kirushya, huko Ngara, kwenye migomba na maharage. Siku ya kuondoka alitushika kope mlango kwa mlango. Mzee Masanja alimletea maziwa kwenye kibuyu, akasimama kando ya gari akisema majina ya ndege kwa Kisukuma, na yeye akayajibu kwa Kihangaza, mpaka dereva akapiga honi.

Mwezi uliopita nilikwenda Ngara kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu, na asubuhi ya pili nikapanda bodaboda hadi Kirushya. Sikuwa nimempigia simu. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa migomba, mahali ambapo shamba la maharage linaanza kushuka kuelekea bondeni. Alikuwa amepungua. Kamera ilikuwa mapajani mwake, na pembeni chini kulikuwa na debe tupu na kijiti.

Nilimwamkia, akaitikia, akaniambia nikae chini na nisikanyage mistari. Nikamuuliza debe la nini. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba amepewa kazi. Maharage yameanza kuchipua, na korongo taji, wale wakubwa wenye shungi la dhahabu kichwani, wanapanda kutoka bondeni kuja kuyang'oa. Dada yake amechoka kupanda mara mbili. Kwa kuwa yeye anashinda amekaa, ameombwa akiwaona apige debe.

Niliuliza kama wanakuja kweli. Akanyanyua kidevu kidogo kuelekea mbele.

Walikuwa watatu. Wawili wakubwa na mmoja aliyekaribia kuwalingana, shungi lake bado fupi na la kahawia. Walikuwa wamesimama ndani ya maharage, hatua kumi na tano hivi kutoka tulipokaa, na sikujua walikuwa pale tangu lini. Mmoja wa wakubwa aliinama, akang'oa mche mmoja, akautupa juu. Akafungua mabawa, akaruka kidogo, akatua. Mwenzake akajibu kwa kuruka. Yule kijana aliwatazama, naye akajaribu, akajikwaa kwenye tuta, akasimama kama hakuna kilichotokea.

Nesi alikuwa ameshainua kamera. Mikono ilitetemeka, kwa hiyo aliegesha lenzi kwenye bega langu, na nikazuia pumzi. Nilisikia kamera ikilia karibu na sikio langu, mara moja, kisha mara nyingi. Nilisikia pia kwamba anacheka, bila sauti, kifua tu kinatikisika na kulitikisa bega langu pamoja na picha.

Kutoka jikoni, nyuma ya migomba, dada yake akaita kuuliza kama wamekuja.

Nesi hakushusha kamera. Alisogeza debe kwa mguu, taratibu, mpaka likawa mbali na mikono yetu sote wawili.

"Bado," akaitikia.